Jicho Si Mizani: Hotuba kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Akiba, Busia

Haya ni maneno juu ya kupima chakula ili kupunguza uzito, niliyosema Jumapili mchana kwenye mkutano wa mwezi wa chama chetu, hapa Busia upande wa Uganda. Wengine mlikuwa matangani, wengine safarini, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyatamka.

Mama mwenyekiti, mweka hazina wetu, wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu, dada zangu, na akina baba wachache mliojitokeza: hamjambo? Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Mnanijua. Nimekuwa muuguzi miaka 27, na wengi wenu watoto wenu nimewachanja kwa mkono huu. Leo sikuja na sindano. Nimekuja na mizani hii ndogo ya jikoni mnayoiona mezani, na sufuria yangu ya kupikia posho, yaani ugali.

Naanza na swali. Nani hapa ananunua mahindi kwa jicho? Anyooshe mkono. Hakuna. Nilijua hakuna. Sisi ni watu wa mpaka, riziki yetu ni kipimo. Mmoja wetu, na nimemwomba ruhusa kulisema hili, alinunua mahindi kwa muuzaji mwenye gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, lililopigwa kitako. Mnalijua gorogoro hilo. Kwa juu limejaa mpaka punje zinamwagika, kumbe chini kitako kimegongwa kikaingia ndani. Alipofika nyumbani akapima upya, kila gorogoro limepungua kiasi cha ngumi. Alikaa juu ya gunia akalia. Tangu siku hiyo, hata umuuzie wewe mwenye sala tano, kwanza ataingiza mkono ndani apapase kitako.

Sasa swali la pili. Mama huyo huyo, mjanja wa kupapasa vitako vya magorogoro, jana usiku alikula posho kiasi gani? Nilimuuliza. Akaniambia, "Kidogo tu." Kidogo ni kilo ngapi? Kidogo ni gramu ngapi? Ukienda sokoni uambiwe bei ya sukari ni "kidogo tu", utatoa pesa?

Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu la leo. Jicho si mizani. Njaa si mizani. Na "kidogo tu" si mizani.

Lakini kabla ya kupima, tuseme jambo linalotuzuia hata kuanza. Hapa kwetu mtu akipungua, majirani hawampi hongera. Wanamwambia, "Umekonda. Una nini?" Na sauti inashuka ikifika kwenye "una nini". Nani hajaisikia sauti hiyo?

Wenye umri wangu wanajua ilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria, watu walianza kukonda mpaka nguo zinawapwaya, halafu wanakufa. Ugonjwa haukuwa na jina, watu wakauita Slim, yaani wembamba. Baadaye ndipo tukaambiwa huo ni UKIMWI. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori. Mimi nilikuwa msichana, nikitumwa kumpelekea uji. Nakumbuka bega lake, jinsi mfupa ulivyosimama kama mpini wa jembe chini ya shuka. Tangu hapo nyumbani kwetu mtu akipungua hata kidogo, mama anasaga karanga usiku huo huo. Mpaka anaingia kaburini mama yangu hakuwahi kumsifu mtu mwembamba.

Kwa hiyo simcheki anayeogopa kupungua. Hofu hiyo ina makaburi nyuma yake. Na nawaambia kama muuguzi: ukiona unapungua bila kukusudia, usifurahi, njoo kituo cha afya upimwe kifua kikuu, sukari, na virusi. Huko ni kupungua kwa namna nyingine kabisa.

Ninachozungumzia leo ni kile ninachokiona foleni ya Jumatatu. Presha. Sukari. Magoti yanayolia mtu akipanda ngazi tatu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kaya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Uganda wa umri wa kuzaa, 24 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanaume walikuwa 9. Na mimi nilikuwa miongoni mwa hao, ingawa umri wa kuzaa ulikuwa ukinipita. Nilikuwa na kilo 94, na urefu wangu ni sentimita 158. Presha yangu ilisoma 160 kwa 100, mimi mwenyewe nikiwa ndiye ninayewapima wenzangu presha. Leo nina kilo 76. Ilinichukua miezi 16.

Mtaniuliza, "Dada, ulifanya mazoezi gani?" Kila mtu ananiuliza hilo. Nawajibu kwa habari ambayo wengi hamjaisikia. Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu ya nchi 168, wakiangalia ni watu wangapi hawatumii miili yao vya kutosha. Nchi iliyokuwa na watu wavivu wachache kuliko zote ilikuwa Uganda. Uganda hii! Walikuwa watu 5.5 tu kati ya 100 ambao hawakujishughulisha vya kutosha. Sisi tunatembea, tunalima, tunateka maji, tunabeba magunia. Basi kama kutembea peke yake kungetosha, presha na magoti haya yangetoka wapi?

Kutembea ni dawa ya moyo, msiache. Lakini chapati moja ya kawaida, ile ya kujaa kiganja na vidole, ni kalori kama 300, na ili kuziteketeza mtu atatembea zaidi ya saa nzima. Chapati yenyewe unaimaliza kwa dakika nne, umesimama. Mlango ulio wazi ni mdomo, na pale ndipo penye kuhitaji daftari.

Mnaniangalia kwa neno kalori. Lisiwatishe. Kalori ni kipimo cha moto, kama vile lita ni kipimo cha maji. Kuni zina moto ndani yake, na chakula kina moto ndani yake, mwili unautumia kutembea, kupumua, kulala. Usiotumika unawekwa akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta ya tumboni. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu aitwaye Wilbur Atwater aliwaweka watu ndani ya chumba kilichozibwa, wakila na kulala humo siku kadhaa, naye akipima kila walichokula na joto lililotoka mwilini mwao. Kwenye kazi yake zilitoka hesabu tunazotumia mpaka leo: gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Pombe ina 7. Shikeni hiyo 9 ya mafuta, maana nitairudia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Chama hiki kingesimama mwaka mmoja bila daftari la mweka hazina? Hata mwezi. Na si kwamba sisi ni wezi. Ni kwamba kichwa cha binadamu kinasahau, na kinasahau zaidi pale panapokifaa.

Mwaka 1992 madaktari wa New York walichapisha uchunguzi juu ya watu walionenepa, ambao walisema wanakula kidogo sana, chini ya kalori 1,200 kwa siku, na bado hawapungui. Walidhani miili yao ina kasoro. Madaktari wakapima kwa vyombo, si kwa maneno. Miili ilikuwa salama. Walichogundua ni kwamba watu hao walikuwa wakila karibu maradufu ya walichoandika. Walipunguza hesabu ya chakula kwa asilimia 47, na mazoezi wakayaongeza kwa asilimia 51. Na nawaomba mnisikilize vizuri hapa: hawakuwa waongo. Waliamini walichosema. Niliposoma habari hiyo nilifunga mlango wa chumba nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa nimesomewa maisha yangu.

Mimi nilikuwa na daftari tayari. Nilikuwa nimeandika: "Mboga ya dodo, mafuta kijiko kimoja." Dodo, yaani mchicha, ni mboga ya heri, gramu 100 hazifiki hata kalori 30. Na mafuta kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120. Tuko wanne nyumbani, kwa hiyo fungu langu 30. Safi kabisa. Mchana hivyo, usiku hivyo, jumla 60.

Siku moja nikaweka chupa ya mafuta juu ya mizani hii. Nikabonyeza hiki kitufe, ikasoma sifuri na chupa ikiwa juu yake. Nikaichukua chupa, nikapika kama ninavyopika siku zote, mkono wangu wenyewe, bila kujibana. Nikairudisha chupa. Mizani ikasoma kasoro 60.

Gramu 60, mama zangu. Si kijiko kimoja. Vijiko vinne na zaidi. Pigeni mara 9. Kalori 540 ndani ya sufuria, na fungu langu ni 135, si 30. Mchana na usiku ni 270. Daftari linasema 60. Tofauti ni 210 kila siku, na mwezi mzima ni 6,300. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Zaidi ya robo tatu ya kilo kwa mwezi, ndani ya dodo! Nilisimama jikoni nimeshika chupa. Miaka yote ile nilikuwa nikiilaumu posho.

Mkitoka hapa na jambo moja tu, tokeni na la chupa. Weka chupa juu ya mizani, isome sifuri, mimina, rudisha, soma. Halihitaji elimu. Mtoto wa darasa la nne analifanya.

Sasa tuje kwenye sufuria, maana hapa ndipo wengi wanaponiambia, "Dada, mambo ya kupima gramu ni ya Wazungu wanaokula peke yao. Sisi tunapika sufuria moja, watu saba." Ni kweli. Programu za simu nyingi zilitengenezewa mtu anayefungua pakiti. Ukiandika matoke inakuletea ndizi ya kukaanga ya nchi nyingine, iliyoingizwa na mtu usiyemjua. Kwa vyakula vyetu kuna jedwali la Uganda ya kati na mashariki, yaani mpaka kwetu huku, lililotolewa na HarvestPlus, mradi wa mazao na lishe, mwaka 2012. Nimenakili kurasa chache, ziko kwa katibu.

Lakini sufuria ya watu saba inapimika, na inapimika kirahisi kuliko mnavyodhani. Tazameni kitako cha sufuria yangu. Mnaona namba ya rangi nyekundu? Inasema 800. Huo ni uzito wa sufuria tupu, gramu 800. Nimeipaka rangi ya kucha ya binti yangu, haitoki upesi. Nikipika posho, napima unga kabla haujaingia kwenye maji. Tuseme kilo moja. Unga wa mahindi wa kilo moja ni kalori kama 3,600. Maji hayana kalori. Posho ikishaiva naiweka sufuria yote juu ya mizani kubwa, ile ya kupimia maharagwe. Inasoma, tuseme, gramu 3,700. Toa 800 za sufuria. Posho ni gramu 2,900. Gawanya 3,600 kwa 2,900, unapata moja na robo kidogo isifike. Basi kila gramu 100 za posho ile ni kalori kama 124. Mimi najipakulia gramu 350, nimekula 430 na kitu. Wengine sita wanakula wanavyopenda, wala hawajui kuna hesabu imepita.

Mchuzi wa karanga ni njia hiyo hiyo: pima karanga zilizosagwa kabla hazijaingia, maana gramu 100 zake ni kalori zaidi ya 560, halafu gawa. Matoke pima yakishamenywa. Gramu 100 ni kama kalori 120, na sahani yetu ya heshima, ile ya mgeni, inafika nusu kilo bila hata kujaa.

Niwape kisa cha mzee mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye alinijia akiwa na hamu kweli. Alinunua mizani, akaifunga kwenye taulo ndani ya lori. Alikuwa akipima posho iliyoiva, gramu 400, halafu anaitafutia kalori za unga mkavu. Mmeona kosa? Kwake gramu 400 zikawa kalori 1,440, wakati kweli zilikuwa kama 500. Akashtuka, akashuka mpaka gramu 150. Kwa hesabu yake alikuwa amekula 540, kumbe ni chini ya 190. Mtu anaendesha lori kutoka mpakani mpaka Kampala na kurudi, tumboni ana tonge mbili. Usiku ukifika, mwili unadai haki yake, anavamia chipsi na kuku. Siku ya tisa aliniletea mizani, akaniambia, "Muuguzi, hiki chombo si changu, mimi sina nidhamu." Baba yule hakukosa nidhamu. Alikosa mstari mmoja kwenye daftari: kimepimwa kibichi au kimepikwa?

Andikeni hilo neno kila mara. Kibichi au kimepikwa. Mchele mkavu gramu 100 ni kalori 360, wali gramu 100 ni 130. Ukichanganya hizo mbili, ama utajinyima bure, ama utakula mara tatu huku daftari linakusifu. Yule mzee tulianza upya pamoja. Sasa anakula gramu zake 400 mchana, na chipsi za usiku amezisahau mwenyewe, bila mimi kumkataza.

Kuna chakula ambacho hakipiti kwenye sahani kabisa. Hicho ndicho kigumu. Kuonja mchuzi, mara tatu. Ukoko wa sufuria. Nusu mandazi aliyoacha mjukuu, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba chakula hakitupwi. Karanga anazokuwekea muuzaji kiganjani uonje: kiganja kimoja, gramu 30, ni kalori 170. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba, kwa vijana msiojua, ni kipimo cha nafaka cha wazee wetu. Wiki moja nilibeba bakuli dogo jikoni. Kila kitu nilichotaka kuonja au kumalizia nilikitia kwenye bakuli badala ya mdomoni, na usiku nikapima. Jumatano lilikuwa na ukoko, vipande viwili vya muhogo, kona ya chapati, na karanga. Kalori 400 na zaidi. Ule ulikuwa mlo mzima ambao kwa miaka sikuwahi kujua nimekula. Fanyeni siku moja tu, mtaona.

Chai sitakaa sana, mnaijua. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4. Vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni karibu kalori 200, na nani hapa anasawazisha kijiko? Soda ya chupa ndogo, mililita 300, ni kama 130. Ya nusu lita inapita 200. Bia ya nusu lita nayo iko hapo hapo. Akina baba wa malwa, ile pombe ya kunywewa chunguni kwa mrija, mrija hauna mizani, na chungu ni cha watu kumi, hapo hesabu itawashinda. Punguzeni siku za kukaa kwenye chungu, hilo linahesabika.

Na rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Sitawaambia muache rolex. Ni chakula chetu, kimeokoa wanafunzi na waendesha boda wengi wasilale njaa. Ila simama siku moja umtazame kijana anavyoipika. Mayai mawili, kalori 150. Chapati, 300. Halafu tazama mkono wake wa mafuta: anamimina kabla ya mayai, anamimina tena anapoirudisha chapati. Vijiko viwili kwa uchache, 240. Jumla karibu 700. Mimi nilimwomba kijana wa pale kituo cha boda anipikie kwa mafuta ya kijiko kimoja, yai na nyanya na kabichi ziwe nyingi. Akanikubalia bila neno. Chakula cha kununua huwezi kukipima, kwa hiyo kadiria, halafu ongeza kidogo juu ya makadirio yako, maana tumeshaona jicho letu linaegemea upande gani.

Sasa mizani ya kupanda mwenyewe, ile ya mwili. Hii imewavunja moyo wengi kuliko njaa. Dada mmoja wa chama hiki alifuata hesabu wiki tatu bila kukosea. Kilo mbili zikatoka. Akaenda matangani kwa shangazi yake, siku tatu, akala posho na nyama ya matanga yenye chumvi ya kutosha, akarudi, akapanda mizani: kilo mbili zimerudi zote. Akanipigia simu akilia. "Wiki tatu, dada! Siku tatu zimekula wiki tatu!"

Tuhesabu pamoja. Kuongeza kilo mbili za mafuta unahitaji kalori 15,000 na zaidi, juu ya zile mwili unazotumia. Alikula hizo msibani? Hata ng'ombe mzima hakuchinjwa pale. Yale yalikuwa maji. Chumvi inashika maji, na wanga unaowekwa mwilini unashika maji mara tatu ya uzito wake. Nilimwambia arudi kwenye daftari na asipande mizani siku nne. Alipopanda, zote mbili zilikuwa zimeondoka.

Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya msalani, kabla ya chai, nguo nyepesi zile zile. Andika. Usifurahi wala usihuzunike kwa namba ya siku moja. Jumapili jumlisha siku saba, gawanya kwa saba, linganisha na Jumapili iliyopita. Namba ya wiki ndiyo inayosema kweli. Na usipokuwa na mizani ya mwili nyumbani, gomesi, vazi letu la kufunga mkanda, haidanganyi: mkanda ule ule, angalia fundo linafika wapi.

Mtu apunguze kiasi gani? Kalori 500 kwa siku chini ya kile mwili unachotumia zinatosha, na zitatoa kama nusu kilo kwa wiki mwanzoni, halafu mwendo utapungua kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Hilo ni la kawaida. Mwanamke asishuke chini ya 1,200 bila kusimamiwa na mtaalamu. Na kuna watu ambao nawaambia waziwazi, msifanye haya: wajawazito, wanaonyonyesha, na watoto. Wanaotumia dawa za sukari, hasa sindano ya insulini, msipunguze chakula kabla ya kumwona daktari, kwa maana dawa ikibaki vile vile na chakula kikapungua, sukari inaweza kuporomoka mtu akaanguka. Nimewahi kumpokea mtu wa namna hiyo saa nane za usiku. Na kama wewe kuhesabu chakula kunakukosesha usingizi, kunakufanya ujichukie, weka daftari chini uje tuzungumze.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Nilipofika kilo 85, mume wangu aliniita chumbani akafunga mlango. Akaniuliza taratibu kama kuna majibu ya vipimo ninayomficha. Mtu niliyeishi naye miaka 30. Alikuwa amehesabu usiku kadhaa kimya kimya jinsi ninavyopungua, na kila usiku moyo wake unarudi miaka ile ya Slim. Nikamletea daftari. Tulikaa kitandani tukasoma ukurasa kwa ukurasa: posho 350, maharagwe 200, mafuta 15, chai bila sukari. Alisoma mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe ni hili tu." Kisha akaniuliza, na yeye sahani yake ni gramu ngapi?

Kwa hiyo waambieni watu wenu mapema. Mwambie mume, waambie watoto, mwambie jirani mwenye sauti ya "una nini". Onyesha daftari kabla hawajaanza kuogopa.

Mama mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Mizani kubwa ya maharagwe mweka hazina amekubali ibaki hapa ofisini kila Jumamosi asubuhi kwa mwezi huu. Leteni sufuria zenu, ile ya posho na ile ya mchuzi, zikiwa zimeoshwa na kukauka. Tutapima, tutaandika namba kwenye kitako. Rangi nyekundu ninayo, ya bluu pia, kwa wenye sufuria zinazofanana na za jirani. Mama Mwenyekiti ameniahidi yake itakuwa ya kwanza.